Mashushushu Vilaza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watazamaji wa Mtwara na Lindi

Hapa tunazungumzia muvi za vichekesho zenye majasusi wasiojua kazi: shushushu anayejificha nyuma ya pazia huku viatu vinaonekana, anayesahau neno la siri alilolitunga mwenyewe, anayemkamata balozi na kumwachia mwizi. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kwenye mabanda ya video, kuanzia Chikongola na Mikindani hadi Lindi mjini, Masasi na Nachingwea. Mengine ni ya watazamaji, mengine ya wenye mabanda. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu nusu ya ubishi juu ya muvi hizi haitokani na muvi yenyewe. Inatokana na sauti, tafsiri, mwanga na saa iliyoonyeshwa.

Tumeangalia muvi moja, mwenzangu kavunjika mbavu na mimi nimesinzia. Nani ana kasoro?

Huenda hakuna. Shushushu kilaza hachekeshi kwa kuanguka tu. Mlevi naye huanguka. Anachekesha kwa sababu anajiamini kupita kiasi, na mtazamaji anajua mambo mawili ambayo yeye hayaelewi: mpango ulikuwa upi, na umeharibikia wapi. Ukikosa kimoja kati ya hayo, unabaki unamwona mtu mzima mwenye suti anajigonga mlangoni.

Mpango wenyewe kwa kawaida huelezwa mwanzoni kabisa, bosi anapomwita ofisini na kumkabidhi kazi. Aliyeingia bandani akiwa amechelewa dakika kumi, au aliyekaa upande wa genereta, amekosa msingi wote. Kwa hiyo mtu akikwambia muvi fulani imeboa, muulize kwanza aliingia dakika ya ngapi na alikaa wapi. Majibu ya "haina maana" hutoka sana kwa waliochelewa kuliko kwa waliokaa tangu mwanzo.

Watazamaji wa huku wanasifu nini zaidi?

Vifaa vinavyomgeukia mwenyewe. Kalamu inayorusha sindano ya usingizi, kisha anaishika kichwa chini miguu juu. Hakuna anayehitaji tafsiri hapo, na kicheko kinapanda hata pale ambapo sauti imekatika.

Baada ya hapo ni bosi. Bosi aliyechoka, anayejua kabisa kwamba amemtuma mtu asiyefaa lakini hana mwingine, anapendwa sana na watu wazima, hasa walioajiriwa. Vijana wao humtazama zaidi msaidizi, yule kijana au binti mwenye akili anayefanya kazi yote halafu sifa zinakwenda kwa mkubwa wake. Ukisikia bandani mtu anapiga kelele "mpe yeye bunduki!", anazungumza na msaidizi.

Na wanalalamikia nini?

Lalamiko la kwanza, kwa mbali, ni hili: "Kilaza kama huyu anashindaje?" Tunajua kwamba stelingi hafi, na kwenye muvi ya kawaida hilo halimsumbui mtu. Kwenye kichekesho linasumbua, kwa sababu saa nzima umeonyeshwa kwamba huyu bwana hawezi kufungua hata mwavuli, halafu robo saa ya mwisho anapiga watu sita na kutegua bomu.

Hapa watazamaji wako sahihi, na kuna kipimo rahisi. Muvi iliyotungwa vizuri humfanya ashinde kwa kosa lake lile lile: mwavuli ule uliomshinda dakika ya ishirini ndio unaofunguka wenyewe mwishoni na kumwangusha adui. Muvi dhaifu humpa akili za ghafla. Mwisho ukikukera, rudisha nyuma utafute kama kile kilichomwokoa kiliwahi kuonyeshwa hata mara moja kabla. Kama hakikuonyeshwa, lalamiko lako ni halali.

Malalamiko mengine ni mzaha mmoja kurudiwa mara nne (mara tatu ndiyo kikomo cha watu wengi, na ya tatu lazima igeuzwe kidogo), na utani unaomcheka mgeni kwa lafudhi yake au rangi yake badala ya kumcheka shushushu. Huo wa pili huwa unaua banda zima. Watu hunyamaza, halafu wanaanza kuzungumza mambo yao.

Aina hii ya muvi ilianza lini?

Ilishika kasi miaka ya 1960. Muvi ya kwanza ya James Bond ilitoka mwaka 1962, dunia ikajaa majasusi watanashati wasiokosea, na kitu kisichokosea hakikai muda mrefu bila kudhihakiwa. Mwaka 1965 huko Marekani ikaanza tamthilia ya televisheni ya Get Smart, iliyobuniwa na Mel Brooks na Buck Henry, ikiwa na jasusi anayepiga simu kwa kiatu chake. Iliendelea hadi 1970. Karibu kila kilaza aliyekuja baadaye ana deni kwake: kifaa cha kipuuzi, msaidizi mwanamke mwenye akili kumzidi, bosi anayeshika kichwa.

Yule wa Johnny English si ndiye Mr. Bean? Mbona huku anaongea sana?

Mwigizaji ni yule yule, Rowan Atkinson, ila ni mtu mwingine kabisa kwenye hadithi. Swali hili linastahili jibu refu kwa sababu ndilo linalozaa maoni mengi ya hasira.

Mr. Bean, iliyoonyeshwa Uingereza kati ya 1990 na 1995, haitegemei maneno. Mtoto wa Newala na mzee wa Kilwa Kivinje wanacheka pamoja bila kujua Kiingereza. Johnny English alitokana na jasusi mwingine aliyeigizwa na Atkinson kwenye matangazo ya kadi ya benki, kisha akatengenezewa muvi mwaka 2003, 2011 na 2018. Huyu anachekesha kwa pande mbili: mwili, kama Bean, na maneno ya majigambo ambayo sekunde chache baadaye yanageuka uongo. Mtazamaji anayengoja Bean hupata nusu tu ya vichekesho, halafu anasema "jamaa amechuja". Hajachuja, nusu nyingine imepotea kwenye lugha. Tangazo la ubaoni likisema "Mr. Bean mpya", mwenye banda ameshajitafutia malalamiko kabla hajawasha mashine. Andika jina la muvi lenyewe.

Hivi kweli jasusi wa serikali anaweza kuwa mbumbumbu hivyo?

Watu wengi hudhani watunzi wametia chumvi. Tazama haya, yote yanajulikana na yameandikwa.

Miaka ya 1960 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimpasua paka na kumwekea kinasa sauti na kirusha mawimbi, ili akae karibu na watu na kurusha mazungumzo yao. Paka hafuati maagizo. Mradi ulifungwa mwaka 1967. Kamati ya Baraza la Seneti la Marekani iliyochunguza mambo hayo mwaka 1975 ilieleza mipango dhidi ya Fidel Castro iliyohusisha biri zilizotiwa sumu, vazi la kuzamia lililopakwa vimelea vya ugonjwa, na wazo la kombe la baharini lenye baruti. Mwaka 2006 Warusi walionyesha jiwe la bandia mjini Moscow wakisema Waingereza wanalitumia kupokelea taarifa; mwaka 2012 Jonathan Powell, aliyekuwa msaidizi mkuu wa Waziri Mkuu Tony Blair, alikiri kwamba jiwe lilikuwa lao kweli.

Kali kuliko zote ni ya 2018. Uholanzi iliwafukuza Warusi wanne waliokutwa The Hague na mitambo ya kudukua mtandao wa Wi-Fi wa shirika la kimataifa la kuzuia silaha za kemikali. Mmoja alikuwa na risiti ya teksi ya kutoka jirani na kambi ya ujasusi wa kijeshi wa Urusi hadi uwanja wa ndege. Jasusi ametunza risiti ili arudishiwe nauli! Mtunzi akiandika hivyo, mtazamaji wa Masasi atasema muvi imezidisha.

Ipi bora kwa vichekesho hivi, iliyotafsiriwa na DJ au yenye maandishi chini?

Inategemea DJ. Kazi ya kutafsiri muvi kwa sauti ilipata jina kubwa nchini kupitia watu kama Lufufu, na kwa muvi ya mapigano au ya Kihindi haina mpinzani: DJ anaeleza, anaongeza vionjo, watu wanapata hadithi yote. Kwenye kichekesho cha majasusi kuna mtego. Mzaha wa aina hii una ukimya kabla ya pigo. Shushushu anasema jambo kwa kujiamini, kimya, kisha mlango unamwangukia. DJ anayeogopa kimya anakijaza kwa kusema "sasa ona atakavyoangukiwa". Kicheko kimekufa hapo, na mtazamaji analaumu muvi.

Sikiliza dakika kumi za kopi ya DJ kabla ya kuamua. DJ mzuri wa vichekesho hupunguza sauti ya muvi anapoongea na kuipandisha mara anaponyamaza, hatangulii tukio, na akiongeza utani wake wa Kimakonde au Kimwera, anauweka kwenye matukio ya kutembea na kuendesha magari, si juu ya mazungumzo. Angalia pia ni nini kinachekwa. Kama watu wanacheka DJ anapozungumza tu na wananyamaza akinyamaza, basi mmeangalia kipindi cha DJ, na maoni mtakayoyakusanya ni ya kwake.

Maandishi yanafaa kwa kundi linalosoma haraka na kwa kioo kikubwa. Kwa runinga ya inchi 32 na watu arobaini, waliokaa mstari wa nne kurudi nyuma hawasomi kitu.

Nataka kuandika maandishi ya Kiswahili mwenyewe. Nianzie wapi?

Programu ya Subtitle Edit inatosha na haina malipo. Faili la mwisho liwe aina ya SRT, yaani faili la maandishi na saa zake. Kila bango (maneno yanayotokea kwenye kioo kwa mara moja) lisizidi mistari miwili, na kila mstari usizidi herufi 42 hivi pamoja na nafasi. Lisikae chini ya sekunde moja wala kuzidi saba. Maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo usitafsiri kila kitu. Tupa salamu, "sawa bosi" na majina yanayorudiwa, bakiza kinachobeba mzaha.

Kosa kubwa ni kuweka mwanzo na pigo la mzaha kwenye bango moja. Macho husoma haraka kuliko mwigizaji anavyosema, watu wanacheka kabla yake, kisha kicheko chao kinafunika mstari unaofuata. Tuseme shushushu anamhakikishia bosi wake usalama wa jengo. Usiandike yote pamoja. Gawa hivi:

00:14:02,000 --> 00:14:05,200
Nimefunga milango yote.
Hakuna anayeweza kuingia.

00:14:06,400 --> 00:14:07,800
Hata sisi.

Ile sekunde moja na kidogo iliyo tupu katikati ndiyo muvi yenyewe. Bango la pili litokee midomo inapofunguka, si kabla.

Maneno yanayochezea maana mbili za Kiingereza hayatafsiriki, usihangaike nayo. Tafuta utani mwingine wa Kiswahili wa urefu ule ule unaolingana na anachofanya kwa mikono. Akiwa ameshika samaki, utani uwe wa samaki.

Ukiandika kwanza kwenye Word kisha ukanakili, alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu vinaweza kugeuka herufi za ajabu kwenye runinga. Tumia alama zilizonyooka. Herufi zenyewe za Kiswahili hazina shida hiyo.

Maandishi yanawahi, au yanachelewa. Narekebishaje?

Pima mara mbili: dakika ya 5 na dakika ya 60. Kama pengo ni lile lile, ni suala la kusogeza tu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video ya kompyuta, H inachelewesha maandishi na G inayawahisha, milisekunde 50 kila unapobonyeza.

Kama pengo linakua, maandishi yalitengenezwa kwa kasi nyingine ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Yaliyopimwa kwa fremu 25 kwa sekunde yakiwekwa kwenye muvi ya fremu 23.976 yatakuwa yamewahi karibu dakika nne ifikapo dakika ya 90, na hakuna kubonyeza kutakakosaidia. Yafungue kwenye Subtitle Edit, badilisha kasi ya fremu kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi upya kwa jina lile lile la muvi na uyaweke folda moja nayo.

Milipuko inapasua masikio, maneno hayasikiki. Spika mbovu?

Mara nyingi spika ni nzima. Muvi nyingi zimerekodiwa kwa njia sita za sauti, na maneno yamewekwa njia ya katikati. Wewe una spika mbili, kushoto na kulia. Mashine isipochanganya vizuri, maneno yanapotea na muziki unabaki. Ingia kwenye mpangilio wa sauti, ondoa 5.1 (ndizo hizo njia sita), weka stirio (njia mbili). Deki nyingi za DVD zina pia chaguo la kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, lile la kuangalia usiku; liwashe. Kwenye kichekesho cha maongezi, punguza besi na pandisha kidogo sauti za kati.

Halafu kuna mwangwi wa bati na kuta za saruji. Tundika mikeka, magunia matupu au vitenge vizito ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na spika, na kwa sehemu ukuta mmoja wa pembeni. Huhitaji kufunika kila mahali. Spika ziwe juu ya vichwa vya waliokaa, zimeinamishwa chini kidogo.

Mvua ikianza kupiga bati?

Badilisha muvi. Kati ya Desemba na Aprili uwe na muvi ya akiba ya kufukuzana na kuanguka, isiyotegemea maneno. Kupandisha sauti hakusaidii. Spika inakwaruza na maneno bado hayasikiki.

Usiku kwenye muvi hatuoni chochote. Kwa nini?

Kwa sababu majasusi hunyemelea gizani, na banda lako lina matundu. Tukio la shushushu kupapasa chumba chenye giza ni kichekesho cha macho: mtazamaji anatakiwa amwone mlinzi aliyesimama nyuma yake. Mwanga wa mchana ukiingia, mlinzi haonekani, na watu wanauliza kwa nini muziki umebadilika.

Ziba kwanza mianya ya juu ya ukuta, pale bati linapokutana na tofali. Hiyo ndiyo huleta mwanga mwingi kuliko mlango. Mlangoni weka pazia mbili zinazopishana kama hatua moja na nusu. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha kwa kitambaa cha upana wa mita mbili kama chumba kina giza. Mchana chini ya turubai haitoshi. Kitambaa kiwe cheupe kisicho na mkunjo, na nyuma yake weka kitu cheusi ili mwanga usipenye. Usitatue kwa kupandisha mwangaza hadi mwisho. Weusi unageuka kijivu na uso wa mlinzi unapotea kabisa.

Umeme ukikatika katikati, betri itamaliza muvi?

Fanya hesabu kabla. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya asidi usiitoe zaidi ya nusu, yaani 600. Inveta inakula kama asilimia 15, unabaki na 510. Projekta ya wati 250, kompyuta 50 na amplifaya 60 ni wati 360. Gawanya: dakika 85. Muvi hizi nyingi zina dakika 90 hivi, maana yake itazimika stelingi akiwa mbele ya bomu. Kiingilio utarudisha.

Runinga ya LED ya inchi 43 badala ya projekta hushusha mzigo mzima hadi karibu wati 200, na betri ile ile inafika saa mbili na nusu. Kwa genereta, ya kVA 1 inaweza mzigo huu bila shida. Iweke upande wa upepo unakokwenda, nyuma ya ukuta, na waya wa mita 20 hadi 30. Usiiweke ndani wala mlangoni, moshi wake unaua.

Flashi inasoma ila hakuna sauti, au sauti ipo na picha hakuna?

Runinga haijui lugha ya faili. Picha bila sauti: sauti huenda ni ya aina ya DTS, ibadilishe kuwa aina ya AAC ya njia mbili. Sauti bila picha: video huenda ni ya aina ya H.265 na runinga ni ya zamani. Ibadilishe kuwa H.264 ndani ya MP4. Programu ya HandBrake hufanya yote mawili. Faili linalokataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele limezidi GB 4, na flashi ni ya FAT32, mpangilio usiopokea faili kubwa kuliko hapo.

Je, zinafaa kwa watoto na wazee?

Usiamini picha ya kasha. Baadhi ni za familia nzima. Nyingine, zenye shushushu kilaza yule yule, zina matusi na mambo ya kitandani. Iangalie yote peke yako kwanza, hasa tukio la hoteli (lipo karibu kila muvi ya aina hii) na tukio la kubadilisha nguo ili kutoroka. Kwenye miji ya pwani kama Lindi, Mikindani na Kilwa Kivinje, ukikaa na wazee wako, hayo ndiyo yanayowatoa watu nje. Mwezi wa Ramadhani panga muda baada ya tarawehe, na chagua ya vifaa na kufukuzana.

Nahitaji kibali?

Kuonyesha kwa kiingilio ni maonyesho ya hadhara. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, chini ya COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini. Kununua DVD au kulipia huduma ya mtandaoni kunakupa haki ya kuangalia nyumbani tu. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako; atakuelekeza kuhusu ukumbi na madaraja ya umri.

Msimu gani watu wanajaa?

Malipo ya minada ya korosho yanapoanza kuingia, kuanzia Oktoba au Novemba. Hapo weka muvi mpya jioni za Ijumaa na Jumamosi. Usipambane na siku ya mechi ya Simba na Yanga. Hata jasusi wa kweli hawezi kushinda.

Tunakusanyaje maoni ya kweli bandani?

Kunyoosha mikono hakufai. Vijana wa mstari wa mbele wanamwangalia mmoja wao, akinyoosha wananyoosha.

Tumia vipande vya tiketi. Mlangoni pa kutokea weka ndoo tatu zenye vifuniko vilivyotobolewa: imenivunja mbavu, kawaida, imenichosha. Kila mtu anatupia kipande chake akitoka. Tumia rangi mbili za tiketi, ya waliowahi na ya waliochelewa zaidi ya dakika kumi. Utashangaa ndoo ya tatu ina rangi ipi. Ndoo zisiwe na mpangilio ule ule kila siku, kwa sababu walio na haraka hutupa kwenye ya karibu.

Wakati muvi inaendelea, mtu mmoja akae pembeni na daftari lenye safu tatu: dakika, tukio, kicheko kwa namba 0 hadi 3. Sifuri ni kimya mahali palipotakiwa kicheko, na hizo sifuri ndizo zenye faida. Zikifuatana wakati wa mazungumzo tu, tatizo ni tafsiri au sauti. Zikiwa kwenye matukio ya usiku, ni mwanga. Zikitapakaa kila mahali na ndoo ya tatu imejaa, hapo ndipo unaweza kusema muvi ni mbaya.

Usilinganishe onyesho la watu wanane na la watu sitini. Kicheko huambukizana, na wachache waliokaa mbalimbali hucheka kidogo hata kwa muvi nzuri. Wakiwa wachache, wasogeze mabenchi ya mbele wakae pamoja.

Kesho yake uliza swali moja tu mtaani au kijiweni: "Tukio gani umemsimulia mtu?" Asiyekumbuka hata moja alicheka kwa sababu ya jirani yake.

Niliiangalia kwenye basi kutoka Dar. Maoni yangu yanahesabika?

Ya vifaa na kuanguka, ndiyo. Ya maongezi, hapana. Kati ya Kibiti na Nangurukuru hakuna aliyesikia sentensi nzima.

Nianze sehemu ya kwanza au naweza kuruka?

Ruka. Kilaza hajifunzi kitu, ndiyo kazi yake, kwa hiyo kila sehemu huanza upya. Tamthilia ndefu pia zinakubali kuanzia popote. Ila angalia ya kwanza kama unataka kumwelewa bosi. Uchovu wake una historia.

Nataka kuandika maoni yangu wengine wasome. Niseme nini ili yawafae?

Taja kopi uliyoiona: ya DJ, ya maandishi au ya Kiingereza. Taja kioo na mahali ulipokaa, na kama ulianza mwanzo. Toa matukio mawili kwa dakika zake, moja lililokuchekesha na moja lililokufa, na ueleze kilichotokea kabla ya kila moja. Mwisho usiuseme, andika tu kama kilichomwokoa shushushu kilionyeshwa mapema au kilishuka kutoka mbinguni. "Muvi kali sana" na "utumbo mtupu" hazimsaidii mtu anayetafuta shilingi 500 yake iende wapi Jumamosi.